Kuku wa Matanga Niliyemkataa

Wapo watakaosema nilikuwa na homa, na wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Homa sikuwa nayo, na pombe ya siku ile ilikuwa bado kwenye mitungi ya watu. Jambo hili nililiona kwa macho haya, nikalishika kwa mikono hii, na mpaka leo linanifuata. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi mapema, maana huko mbele kicheko kina kazi yake.

Nilitoka Morogoro asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, bila kujua ninakwenda wapi. Kwangu si jambo geni. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, nami nilizaliwa njiani kati ya kambi na kambi. Shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, niliiacha mapema. Kichwa hakikuwa kizito; darasa lilikuwa na dirisha, na dirishani ilionekana njia. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nikisikia kuna daraja jipya, nakwenda kuliona. Nikisikia kuna mtu ana ng'ombe mwenye pembe tatu, nakwenda, namkuta ana mbili, narudi.

Safari hii lakini nilikuwa nimetumwa. Palikuwa na Mdachi mmoja, mpima ardhi, sisi watu wa sokoni tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa amepewa ruhusa ya kupumzika mwezi mzima, akaniita barazani kwake kunieleza jambo ambalo mpaka leo nalishangaa. Kwao, alisema, mtu akipata ruhusa huchukua mke na mtoto, wakaenda milimani, wakakaa katika nyumba moja, na kila asubuhi wakatoka kutembea mpaka jioni, kisha wakarudi kwenye nyumba ileile. Nimtafutie nyumba ya namna hiyo huko Uluguru. Iwe na ubaridi lakini isiwe na unyevu, maji yawe karibu, na njia ziwe nyingi za kwenda kila upande. Nikamuuliza watakuwa wanamtembelea nani. Hakuna mtu, akasema. Watabeba nini? Mkate. Nikakubali papo hapo, kwani mtu wa kutembea bila sababu nilikuwa sijawahi kumpata mwenzangu.

Nilipokuwa naondoka, mke wake alinifuata mpaka jikoni. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Trudi, msichana mdogo mwenye miguu kama fito. Homa ilimwacha Jumatatu ikamrudia Alhamisi. Daktari alikuwa amekwisha sema: mtoto asipopata nguvu kabla ya meli ijayo, atapelekwa Ulaya akalelewe na shangazi yake, na mama abaki huku na mumewe. Yule bibi alinieleza haya kwa Kiswahili chake cha kuagizia maji na kuni, akanishika mkono, jambo ambalo Wadachi hawafanyi.

"Nitafutie mahali mtoto wangu atembee," alisema. "Akitembea, atabaki."

Basi ndiyo niliyokuwa nimeyabeba asubuhi ile, pamoja na blanketi, kibuyu cha maji na unga kidogo. Nilipita upande wa Kilakala nikashika njia ya kwanza iliyopanda. Nilikutana na wanawake wanashuka sokoni na matenga vichwani, wakaniuliza nakwenda wapi. Nikawaambia natafuta nyumba ya watu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni bila kwenda popote. Walicheka mpaka wakatua mizigo. Mmoja akauliza kama huko kwa Wadachi njia zimekwisha, mpaka waje kumaliza zetu.

Mahali pa kwanza nilipopaona palikuwa kando ya kijito, pazuri sana, lakini usubi waliniuma mpaka kwenye kope. Pa pili palikuwa juu ya kilima chenye upepo. Niliweka kofia chini, ikaondoka bila mimi. Pa tatu palikuwa nyumba safi karibu na misheni, nami nilikuwa karibu kuichukua, ila niliona njia ni moja tu, ya kwenda kanisani. Nani atamtembeza mtoto mwezi mzima kwenda kanisani na kurudi? Nikazidi kupanda.

Alasiri ukungu ukanikuta. Asiyeijua Uluguru hudhani ukungu huja kama moshi, unauona unatoka huku unakwenda kule. Ule hauji. Unatazama mgomba ulio mbele yako, unatazama tena, mgomba haupo, na sauti zote zimewekwa ndani ya pamba. Maji yalikuwa yanatiririka mahali fulani, lakini yalisikika kama yanatiririka jana. Miguu yangu niliiona mpaka magotini. Sikuogopa. Niwe mkweli, nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekaribia kusinzia, nikaenda tu kwa kuifuata harufu ya moshi wa kuni.

Ukungu ukafunguka kidogo, kama mtu anayesogeza pazia, nikaona nyumba. Ilikuwa imekaa juu ya bega la mlima, mahali tambarare, na uwanja wake umefagiwa hata mistari ya ufagio bado ilionekana. Njia zilitoka pale kila upande, moja kwenda msituni, moja kwenda mtoni, nyingine ikizunguka kilima kama mshipi. Kama Bwana Miwani angeichora nyumba yake kwa kalamu, angeichora ile. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi barazani juu ya kigoda, anamenya ndizi mbichi.

Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, halafu akaniuliza mzigo wangu uko wapi, au leo Mnyamwezi amebeba kichwa chake peke yake, nacho kitupu.

Nilikuwa sijamwambia mimi ni nani. Lakini nani angesimama kuliwaza hilo? Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikutupia neno ni lazima umrudishie, la sivyo umeaibisha ukoo wako wote. Nikamjibu kwamba Waluguru kwa kuishi mteremkoni wana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, ndiyo maana ameketi, anaona haya kusimama. Akasema afadhali mguu mfupi kuliko sisi watu wa tambarare, tukifika mlimani tunatambaa kama kenge. Tukaendelea hivyo, amini, kama watu wanaorushiana mpira. Mama yule alikuwa na ulimi! Alisema baba yangu alipita pale akaomba maji, akayanywa, akaomba na mto. Mimi nikasema ndizi zake anazimenya kwa unene ili apate kula maganda kesho.

Mwisho akaniambia neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu mwingine yeyote.

"Ukifa wewe, nitakuzika umesimama. Nikikulaza utaota safari, na kaburi litahama."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Na katika kucheka huko nikafanya kama mtani afanyavyo: aliponyanyuka kwenda kuchochea moto, nikakibeba kigoda chake nikakifunga kwa kamba mgongoni. Mtani huchukua kitu cha mtani wake bila kuomba, na wenye kitu huja kukikomboa kwa kuku. Ndiyo sheria yetu, kila mtu anaijua.

Aligeuka, akakiona kigoda mgongoni kwangu. Hakukasirika. Uso wake ulitulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Haya, umechukua," alisema. "Watu wangu wako kule chini kwenye migomba. Waambie nimechoka kukaa."

Nilimweleza habari ya Trudi na meli. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kama mtoto anajua kucheka. Nikasema sijamsikia akicheka. Basi alete miguu yake hapa, akasema, nyumba haina mtu. Aliponiambia nyumba haina mtu nilidhani ni utani tena. Alinionyesha mkeka wa barazani. Ukungu ulikuwa umerudi na kuingia mpaka chini ya paa, nami nikalala ndani yake kama mtu anayelala ndani ya maziwa, kabla hata giza halijaingia.

Asubuhi kulikuwa kweupe, na bonde lote lilikuwa wazi mpaka reli ikaonekana kule upande wa Mikese, nyembamba kama uzi. Nyumba ilikuwepo. Usidhani nitakuambia ilikuwa gofu. Ilikuwa nyumba nzima, imara. Ila mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba iliyoota kuvu, na buibui alikuwa ametanda toka kizingiti mpaka nguzo. Mahali alipochochea moto palikuwa na majivu magumu kama udongo. Uwanjani palikuwa na nyasi za kufika kwenye kifundo. Nikapapasa mgongoni: kigoda kilikuwepo.

Nilishuka kwenye migomba upesi kuliko nilivyopanda.

Kule chini nilikuta nyumba chache na watu wanapalilia maharage. Mzee wao aliitwa Kibwana. Nilianza kwa mzaha, kama ilivyo desturi, kwamba nimemnyang'anya mama wa kule juu kigoda na sasa nataka kuku wangu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja kijana aliweka jembe chini akaketi palepale kwenye tuta. Kibwana alikigeuza kigoda, akatazama alama iliyochongwa chini yake, kisha akaondoka akapanda mlimani. Tulingoja. Aliporudi alisema kwamba juu ya kaburi, mahali kigoda kilipokuwa kimepinduliwa tangu siku ya maziko, pamebaki duara la nyasi za njano.

Ndipo nilipoelezwa. Mama yule aliitwa Bi Mwanamvua, dada yake Kibwana. Alikuwa amekufa muda mrefu, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba ile, upande ambao sikwenda. Yule mwanamke kijana aliyeketi kwenye tuta alikuwa Mwajuma, mtoto wa mdogo wake Bi Mwanamvua. Yeye alimwita marehemu mama mkubwa, na nyumba kwa haki ya upande wa mama ilikuwa yake. Lakini hakuweza kuingia, kwa sababu matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Katika ukoo ule aliyeanua matanga alikuwa ni mtani Mnyamwezi. Ndiye anayefika kaburini, anamtukana marehemu, anawachekesha wafiwa. Na mfiwa mkuu akicheka, basi, huzuni imefunguliwa, watu wananyoa nywele, nyumba inakaliwa. Zamani hawakukosa mtani, misafara ilipita kila siku bondeni. Sasa je?

"Tangu gari la moshi lifike," alisema Kibwana, "Wanyamwezi mnapita chini kule mmeketi. Tutawakimbiza?"

Kwa hiyo Mwajuma alikuwa amekaa matanga miaka, analala jikoni kwa mjomba wake, nywele zake hazijaguswa. Na tangu siku ya maziko hakuna aliyemsikia akicheka.

Unaona nilivyokuwa? Nyumba ilikuwa ndiyo hasa niliyotumwa kuitafuta, na mtoto alikuwa anaingojea. Lakini nani atamlaza mtoto mgonjwa katika nyumba ambayo mwenyewe bado ameketi barazani? Ilikuwa lazima nifanye kazi ya utani. Na zaidi ya hayo, nilikuwa nimekwisha kuchukua kigoda.

Tulipanda wote. Mchana ule ule ukungu ulianza kurudi, mwembamba, unapita kati ya migomba kama watu wanaochelewa. Nilisimama kaburini nikaanza matusi niliyoyajua: miguu mifupi, ndizi, maganda. Wazee walitabasamu kwa adabu. Mwajuma alitazama chini. Nikaongeza mengine, nikacheza, nikaanguka makusudi. Hakuna kitu. Unajua uzito wa kumchekesha mtu aliyekatazwa kucheka na moyo wake mwenyewe? Jasho lilinitoka. Matusi yote yalikuwa yameniishia, ndipo nikamgeukia marehemu nikasema naye kama ninavyosema na wewe.

"Bi Mwanamvua, jana uliniambia utanizika nimesimama, maana ukinilaza nitaota safari na kaburi litahama. Haya, mbona ni wewe uliyelazwa, na jana nimekukuta barazani?"

Mwajuma aliinua uso. Aliniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo, lakini hakuweza kumaliza, kicheko kilimkata katikati. Neno lile, nilikuja kuambiwa, mama mkubwa wake alikuwa akilitumia nyumbani tu, kumwambia yeye alipokuwa mtoto asiyetulia: nitakuzika umesimama. Mgeni asingeweza kulijua. Alicheka na machozi yakimtoka, akacheka mpaka wanawake wengine wakamshika, na wao wakaanza. Mlima mzima ulisikia. Sijapata kusikia kitu kizuri kama hicho, na nimekwenda mbali.

Walimnyoa pale pale. Kamba ya mlangoni ikakatwa. Kisha Mwajuma akaleta kuku wa kukombolea kigoda.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa, na hapa ndipo ninapokuomba usikilize. Alikuwa kuku wake wa pekee, jike, vifaranga wanamfuata wanalia. Nilimhurumia. Tena nilikuwa na haraka ya kushuka Morogoro kuwaita Wadachi kabla ya meli. Nikasema sitaki kuku; badala yake Mwajuma anikopeshe nyumba kwa mwezi mmoja kwa ajili ya mtoto, nasi tumemalizana. Mwajuma akakubali kwa furaha. Kibwana hakufurahi. Alisema kuku ni kuku, mtani hachagui. Nikamwambia nitampokea siku nyingine, nikakirudisha kigoda kaburini kwa mkono wangu, nikaondoka.

Bwana Miwani alikuja na mke wake na Trudi, mtoto amebebwa kwenye machela. Mwajuma alikuwa amefagia na kupaka sakafu udongo mpya. Siku ya kwanza ya matembezi mtoto hakufika hata mwisho wa uwanja. Siku ya pili tulishika ile njia inayozunguka kilima. Trudi alikwenda hatua chache akaketi juu ya jiwe, akafumba macho. Mama yake alinitazama, na katika macho yake niliiona meli. Halafu mtoto akacheka. Alicheka peke yake, akitazama nyuma ya bega langu, akasimama akaanza kutembea. Alipochoka tena, vilevile: aliketi, akasikiliza, akacheka, akainuka. Yule mtoto alikuwa na Kiswahili kizuri cha yaya wake. Wazazi walipotangulia kidogo alinivuta nguo.

"Kwa nini yule bibi nyuma yako hachoki?" aliniuliza. "Anasema mimi ni kenge."

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu, umande juu ya majani haujaguswa. Nikamwambia asimwambie mama yake, ataitwa daktari. Hakumwambia. Mwezi ule alitembea kila njia iliyotoka katika nyumba ile, miguu ikajaa, homa ikapotea kama haikuwahi kumjua. Meli iliondoka bila yeye. Siku ya kushuka alishuka kwa miguu yake mpaka mjini, ameshikana mikono na mama yake, na mama yake analia waziwazi mbele ya watu.

Nilifurahi. Nilidhani yamekwisha.

Baadaye nilikwenda zangu Kisaki, nikaomba malazi kwa mtu nisiyemjua. Akanikaribisha vizuri, akaleta bakuli mbili za ugali. Nikamwuliza mgeni mwingine ni nani. Akatazama pembeni yangu kwa heshima, akasema kama mama hali, basi amwekee maji. Nilikwenda mahali pengine. Mwenye nyumba aliniambia mimi nilale nje na wanaume, na mama aingie ndani kwa wanawake. Ni hivyo mpaka leo. Mimi sijamwona tena, si mara moja. Wengine ndio wanaomwona, na wengi wao hutabasamu, kwa hiyo najua hajaacha kunisema.

Nilirudi kule mlimani kudai kuku wangu. Mwajuma alikuwa na watoto, uwanja umejaa kuku wa kila rangi. Alikuwa tayari kunipa hata watano. Kibwana alikataa, akaniambia kwa upole kwamba kuku wa matanga hutolewa siku moja, na siku hiyo nilimrudisha. Kitu kilichochukuliwa kikirudishwa bila kukombolewa, mwenyewe humfuata mchukuaji, maana hesabu yao haijafungwa. Na nani sasa wa kuifunga?

Kwa hiyo nakuonya wewe unayetaka kupumzika milimani. Usiulize kwanza upepo wala maji. Uliza ni nani aliyefia katika nyumba hiyo, na kama wafiwa wake wamekwisha kucheka. Na ukiwa mtani wa watu, ukaletewa kuku wako, mpokee. Awe wa pekee, awe na vifaranga, awe mgonjwa. Mpokee, umchinje hapo hapo, ule.

Juzi nimefika katika mji huu ambao sijawahi kufika. Nilibisha mlango wa kwanza niliouona. Mama mwenye nyumba alifungua, akanipita bila hata kunitazama, akamwamkia mtu aliye nyuma yangu shikamoo, akangoja kidogo, kisha akacheka na kutukaribisha ndani.